Ukitaka kuingiza Peugeot 504 kwenye rali, anza na kutu

Gari lilikaa chini ya mkungu uani kwetu, hapa Malindi, miaka mingi hata kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Peugeot 504, saluni, nyeupe. Siku tuliyokubaliana kulifufua ili nishiriki rali za magari ya zamani, mimi nilikimbilia boneti. Mjomba, fundi tangu enzi zile pijo ndizo zilizokuwa zikibeba abiria kwenda Mombasa, hata mbele hakuja. Alichuchumaa ubavuni, akashika bisibisi upande wa chuma, akaanza kugonga kizingiti cha mlango kwa mpini. Ko, ko, ko. Alipokaribia gurudumu la nyuma, sauti ikabadilika: pu. Akaigeuza bisibisi, akasukuma kidogo tu, ncha ikazama yote.

"Injini itangoja," akasema. "Hapa hapana gari, mwanangu. Hapa pana rangi."

Tulipokwangua tukakuta fila, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, unene wa kidole, na nyuma ya fila magazeti yaliyosokotwa. Gereji iliyofanya kazi hiyo zamani ilipiga msasa, ikapaka rangi, ikachukua hela. Bado inaniuma, kwa sababu mtu angeliingiza gari lile kwenye mashindano, akafungwa mikanda ndani yake, akiamini ameshikwa na chuma kumbe ameshikwa na karatasi.

Nimeandika makala haya kwa yeyote mwenye gari la zamani nyumbani, awe Malindi, Lamu, Kilifi au Tanga, anayetamani kulitia kwenye rali na hajui aanzie wapi. Jambo lenyewe linaonekana kubwa kwa sababu watu huliona kama orodha ndefu ya spea za kununua. Halipo hivyo. Kila kazi inasimama juu ya kazi nyingine iliyo chini yake, na ukishajua ipi iko chini ya ipi, fundo lote linalegea.

Nguvu za injini si swali la kwanza

Swali ninaloulizwa barazani kila mara ni moja: "Injini utaitia nguvu ngapi?" Historia ya Safari Rally inajibu vizuri. Mashindano yale yalianza 1953, yakiitwa Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 ikawa hivyo tena, saba tu. Na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404, gari la familia ambalo hakuna aliyelisifu kwa mbio. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland alishinda kwa 404 vilevile. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600. Hiyo 504 yenyewe ilishinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Magari haya yalishinda kwa sababu yalifika. Yaliyokuwa na kasi zaidi yalibaki njiani, miguu (springi na shokamzoba) imevunjika au rejeta imepasuka.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: bodi, miguu, breki, joto na vumbi, umeme, na injini mwisho kabisa. Injini yenye nguvu ndani ya bodi bovu huharakisha tu siku ya bodi kupasuka.

Kabla ya kukata chochote, soma kanuni. Rali za magari ya zamani zina masharti yanayofanana na ya mlinzi wa makumbusho: gari linatakiwa libaki na umbo na mitambo ya zama zake. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, limeyaweka kwenye kiambatisho kiitwacho K, na wazo lake kuu ni kwamba unaruhusiwa maboresho yaliyokuwapo na kukubaliwa wakati gari lile lilipokuwa likishindana. Ukimtia mzee wako injini ya Subaru atakwenda mbio, lakini umejifungia mlango. Kwa Kenya, anayepaswa kuulizwa mapema ni Kenya Motor Sports Federation, kabla grainda haijawashwa.

Bodi ndiyo chesisi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo gari la Pwani linapofia.

504 haina chesisi ya kusimama peke yake kama lori. Bodi ndiyo chesisi. Ni mabati membamba, mengi hayapiti milimita moja, yaliyokunjwa yakawa maboksi, na maboksi yakaunganishwa kwa pointi ndogondogo za kuchomelea. Vizingiti vya milango ni maboksi. Nguzo za kioo ni maboksi. Kila pigo linalotoka kwenye gurudumu huingia kwenye boksi hili, likapita kwenda lile, mpaka gari zima lilibebe. Boksi moja likioza, pigo hukosa pa kupita. Ndipo utaona mlango haufungi vizuri, au kioo cha mbele kimepata ufa bila kupigwa na jiwe.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Piga jeki kona moja ya gari mpaka gurudumu liachane na ardhi, kisha fungua na ufunge milango. Ikifungika kama kawaida, bodi lina uti wa mgongo. Ukilazimika kuinua mlango kwa mkono ndipo ushike, gari linajikunja.

Na kutu yetu ina tabia yake. Watu wa bara hudhani gari huoza kwa mvua. Hapa huoza usiku, kavu, limefunikwa turubai. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ukipita asilimia 75 hivi, punje ya chumvi huyeyuka yenyewe ikawa maji. Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni hawahitaji kuelezwa hili. Sasa fikiria msimu wa kusi, upepo unatoka baharini miezi mingi, unaleta chumvi laini isiyoonekana hadi ndani ya kizingiti. Kila usiku ile chumvi hulowa, kila mchana hukauka, na kila inapolowa inaendelea kula chuma. Turubai la nailoni linalogusa gari huzidisha, kwa sababu unyevu unakosa pa kutokea.

Dawa ya chuma kilichooza ni kukikata mpaka ufikie chuma kinachong'aa, kisha kushona bati jipya la unene uleule. Kutu ya juujuu tu ndiyo inayotibika kwa dawa ya asidi ya fosforiki, ile inayoigeuza kutu kuwa nyeusi. Bati lililotoboka halina dawa ya kupaka.

Kuchomelea nyumbani kulitufunza jambo ambalo hatukulitarajia. Mashine ya kuchomelea ya gesi hufunika chuma kilichoyeyuka kwa gesi ili hewa isikifikie. Sisi tulianza kazi saa nane mchana, upepo wa kusi unapita uani, na gesi yote ikawa inakwenda na upepo. Mshono ukatoka na vitundu kama kibibi kilichoiva. Mjomba aliupiga nyundo mara moja ukakatika. Tangu siku hiyo tukawa tunaamka alfajiri, upepo umelala, tena tumetundika turubai pande mbili. Mishono ikatoka laini. Kama una mashine ya fimbo tu, jua kwamba kwa bati la gari inatoboa kuliko inavyounga. Afadhali ukodi ya gesi kwa siku chache.

Tangi la petroli litolewe kabisa na lipelekwe mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Betri na alteneta zifunguliwe waya. Kisha, bodi likishakuwa zima, ongeza mshono pale ambapo kiwanda kiliweka pointi tu: shona sentimita mbili au tatu, ruka tano, hamia upande wa pili wa gari bati lipoe, rudi. Ukishona mfululizo sehemu moja, bati hupinda na hutalinyoosha tena.

Kizimba cha chuma kinachowazunguka dereva na msoma ramani ndiyo kazi moja ambayo sishauri mtu ajitungie. Kanuni za FIA zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye uwezo wa kuhimili newtoni 350 kwa kila milimita mraba. Upinde mkuu uwe wa milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa unene wa 2. Miguu yake isikanyage sakafu tupu. Ikae juu ya bamba la milimita 3 lenye eneo la sentimita mraba 120, ili ikitokea gari limepinduka mguu usiitoboe sakafu kama msumari. Nimeona vizimba vilivyotengenezwa kwa bomba la maji. Bomba la maji lina mshono urefu wake wote, na likikunjwa kwa pigo linaweza kupasuka pale pale penye mshono. Ni afadhali usiwe na kizimba na uende polepole.

Mwisho wa bodi ni kulipaka ndani. Fundi wa mashua hapa Pwani hawezi kuishusha majini kabla ya kuitia kalafati na kuipaka deheni, na hakuna anayemwuliza kwa nini. Gari lina haki hiyohiyo. Kila boksi lipulizwe nta ya majimaji kwa mpira mwembamba kupitia vile vitundu vya kiwandani, hadi uione inachuruzika chini. Lakini vitundu vya chini vya kutolea maji usivizibe hata kimoja. Kizingiti chetu kilioza kwa sababu ile ile fila ilikuwa imeziba kitundu chake.

Miguu, breki na kopo lililoachwa wazi

Kuna jambo linalowachanganya wengi: springi ndiyo inayobeba gari, na shokamzoba haibebi kitu. Kazi ya shokamzoba ni kuizuia springi isiendelee kucheza, na hufanya hivyo kwa kusukuma mafuta kwenye vijitundu, mwendo ukageuka joto. Barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, tuseme mikunjo iko kila sentimita 75, ukiipita kwa kilomita 60 kwa saa, gurudumu hupigwa mara 22 kila sekunde. Shokamzoba ya kawaida hustahimili hali hiyo dakika chache. Mafuta yake hupata moto mno, yakatoa povu, na povu halina upinzani. Dereva huhisi gari limekuwa kama godoro, wakati huo kona iko mbele.

Kwa hiyo hela ya kwanza ya maboresho iende kwenye shokamzoba nzuri, zenye mafuta mengi na gesi ya shinikizo inayozuia povu. Springi ziongezwe ugumu kidogo tu. Sifa ya 504 ni mwendo mrefu wa magurudumu kupanda na kushuka, ndiyo maana inapita penye mashimo bila kurukaruka. Ukiitia springi za lori umeinyang'anya kile ilichozaliwa nacho. Kuinua sentimita tatu au nne kunatosha. Bushi zote za mpira zibadilishwe, kwani mpira wa miaka 40 ni kama mkate mkavu hata ukionekana mzima. Chini ya injini weka ngao ya bamba, na ishikwe kwenye maboksi ya bodi. Ikishikwa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, jiwe litavunja vyote viwili.

Breki nazo ni hesabu ya joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na watu wake, likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, huziachia breki joto la kutosha kutoa karibu lita mbili za maji ya bombani hadi kiwango cha kuchemka. Hiyo ni mara moja. Kwenye rali utafanya hivyo kila kona.

Joto hilo hupita kwenye padi likafika kwenye mafuta ya breki, na hapo ndipo Malindi inapoingia tena. Mafuta ya breki hunywa unyevu kama ile chumvi. DOT 4 iliyotoka kwenye kopo jipya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishakunywa maji ya kutosha, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Ikichemka, mvuke huingia kwenye paipu, na mvuke hubonyea: unakanyaga, pedali inakwenda hadi sakafuni, gari halisimami. Kopo lililofunguliwa mwezi uliopita na kuachwa rafuni kwa hewa yetu usilitumie kwa rali, hata kama limejaa. Nunua makopo madogo, utoe mafuta yote ya zamani kwenye mfumo kabla ya kila shindano. Ni boresho la bei rahisi kuliko jingine lolote kwenye gari zima.

Maji ya kisima, vumbi na waya

Visima vingi vya hapa vina maji ya chumvichumvi. Ukiyatia kwenye rejeta, yanaacha ukoko ndani ya mirija na kuila alumini ya kichwa cha injini. Tumia maji yaliyotolewa chumvi yote au ya mvua safi, yachanganye na dawa ya rejeta. Rejeta ya zamani ya shaba usiitupe. Fundi wa rejeta anaweza kuifungua, akaisafisha mirija kwa fito na kuilehemu upya, jambo ambalo rejeta za siku hizi za alumini na plastiki hazikubali. Kifuniko chake nacho ni kipuri, si kizibo: kifuniko kinachoshikilia shinikizo la bar 1 hukifanya kiwango cha maji kuchemka kipande kutoka nyuzi 100 hadi 120 hivi. Kikilegea, injini nzima inachemka kwa kosa la mpira mdogo.

Vumbi jekundu la kuelekea Marafa au Baricho ni laini kama unga wa ngano, na ndani ya silinda linafanya kazi ya msasa. Mdomo wa kuvuta hewa upandishwe juu, mbali na magurudumu, na kila kiungo kati ya eyaklina na kabureta kikazwe. Paka grisi nyembamba ndani ya bomba la hewa baada ya eyaklina. Ukirudi safari ukapitisha kidole na kikatoka chekundu, hewa inaingia bila kuchujwa.

Umeme wa gari la zamani una ugonjwa mmoja mkubwa, nao ni athi mbovu, yaani pale umeme unaporudi betri kupitia bodi. Sasa ongeza taa nne za wati 55, ambazo huvuta ampea 18. Zikipita kwenye swichi ya zamani na waya mwembamba, upinzani mdogo tu wa omu 0.1 unakula karibu volti 2, na taa hupoteza karibu nusu ya mwanga wake. Tia relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) karibu na taa, waya mnene kutoka betri, fyuzi kwa kila jozi, na athi safi iliyopakwa grisi. Swichi ya kukata umeme wote iwe pahali dereva na mtu wa nje wote wanapoweza kuifikia.

Halafu injini

504 ina zawadi kwa fundi wa nyumbani: silinda zake ni slivu, mirija ya chuma, zinazotoka. Zimezungukwa na maji moja kwa moja, na zikilika unazivuta, unatia slivu mpya na pistoni zake, bila kupeleka bloki kuchongwa popote. Sharti lake ni moja, nalo halina msamaha. Slivu ikikaa mahali pake lazima itokeze juu ya bloki kwa kipimo kidogo sana kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, ili gasketi ya kichwa iibane. Ikizama, maji yataingia kwenye oili. Pima kila moja, zote nne, kabla ya kufunga kichwa, na usizungushe krenki kichwa kikiwa wazi bila kuzishikilia slivu, maana zitanyanyuka.

Wengi huuliza habari ya risasi iliyoondolewa kwenye petroli yetu 2006. Kwa injini zenye kichwa cha chuma cha kawaida, viti vya valvu vinaweza kulika, na inafaa kutiwa viti vigumu. Kichwa cha 504 ni cha alumini na viti vyake vya valvu ni vya kupachikwa, kwa hiyo wasiwasi ni mdogo. Ukitaka kuvibadilisha vinabadilika.

Kuhusu taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, usichukue vipimo vya rafiki wa Nairobi. Kule juu hewa ni nyepesi, imepungua kama asilimia 15, na silinda haijai sawasawa. Hapa usawa wa bahari silinda hujaa, shinikizo hupanda, na taimingi iliyokuwa tamu Nairobi hufanya injini igonge ukikanyaga mlimani. Ile sauti ya vikombe vikitikisika ni pistoni ikipigwa. Rudisha taimingi nyuma kidogo, sikiliza tena. Na ukipanda bara kwa mashindano, kinyume chake: kabureta ya Malindi itatoa petroli nyingi mno, plagi zitakuwa nyeusi, na utahitaji jeti ndogo zaidi mfukoni.

Nguvu za ziada? Tulipolinganisha kabureta, tukarekebisha valvu, tukasafisha paipu za hewa na moshi, gari lilikuwa na nguvu zote lilizotoka nazo kiwandani. Tukaziacha hapo.

Kabla ya safari ya kwanza, mjomba alipita na kijibrashi cha rangi nyeupe. Kila nati ya miguu, ya difu, ya stering, aliichora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho pembeni. Tukavuka daraja la Sabaki, tukapita Mambrui, tukashika vumbi hadi Marafa, tukarudi kwa mwendo uleule. Tulipofika uani hakuuliza gari limekwendaje. Alilala chini na tochi, akaanza kutafuta mistari iliyokatika. Alipata mitatu: miwili kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, mmoja kwenye ngao.

Tulikaza, tukachora upya. Kisha akaniita nilete mpira wa maji matamu. Alichukua waya, akazibua kitundu cha kizingiti kile kilichotudanganya siku ya kwanza, nikaelekeza maji ndani kupitia juu. Yalitoka mekundu, mazito kama uji wa wimbi, muda mrefu. Yakawa ya rangi ya chai. Tukangoja mpaka yakatoka meupe.